Niliinyoosha Barua ya Mama Njeru

Aibu yangu mimi haikunipata gizani wala pembeni. Ilinipata mchana, kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya watu kama themanini, tena ikiwa imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa ambazo mimi mwenyewe nilizikuza ili walioketi nyuma wasisumbuke kusoma. Nalisema hili mapema kwa sababu mkisikia mwanzo mnaweza kunihurumia, na huruma hiyo mtakuja kuidai.

Shida yangu ni moja na kila anayenijua anaijua: siwezi kusema hapana. Kamati ya mazishi, mimi. Uzio wa kanisa ukianguka, mimi. Kwaya ikikosa mtu wa sauti ya nne, mimi, na sijui kuimba. Sasa mchumba wangu Faith, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi Meru mjini, alikuwa ameniketisha akaniambia kwamba wazee wangu kutoka Laare, huko Nyambene, wanaenda kwao kumposa baada ya miezi miwili, na mpaka siku hiyo hataki kusikia kamati wala kujitolea, Jumamosi ni zetu mimi na yeye, nikaapa, na nilipoapa nilikuwa namaanisha. Siku tatu baadaye mke wa mchungaji akanipigia simu. Akasema kule Kianjokoma wazee wanataka kufundishwa kompyuta, kompyuta zenyewe zimepatikana, aliyekosekana ni mwalimu wa kujitolea, na si mimi hufanya kazi na kompyuta? (Mimi ni karani katika ofisi ya maziwa Embu mjini. Kompyuta yangu kazi yake ni kujaza lita.) Nikasema sawa.

Faith nikamwambia nimepata kazi kidogo za Jumamosi, nikajiahidi kwamba nitamweleza vizuri nikipata nafasi, na mnajua nafasi ya namna hiyo huwa haipatikani, kila ukiiona inakuja unajificha.

Basi ikawa kila Jumamosi asubuhi natoka Dallas, mtaa wa Embu mjini ninakoishi, napanda hadi Kianjokoma. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane na hakuna aliyekuwa chini ya miaka sitini. Siku ya kwanza simu zao zililia nyimbo za injili mpaka somo likashindikana, kwa hivyo mke wa mchungaji akaweka kiondo mlangoni na kila simu ikaingia humo, ya mwalimu ikiwa ya kwanza, kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Faith akipiga, simu yangu ilikuwa inalia ndani ya kiondo pamoja na za wazee.

Kilichotusumbua zaidi ni kile kipanya. Kuna mzee aliyekiinua na kukielekeza kwenye skrini kama rimoti ya televisheni, na mwingine, Mzee Ireri, alikibonyeza kama anakamua ng'ombe. Nilieleza kwa maneno nikachoka. Njia pekee iliyofaulu ilikuwa mimi kusimama nyuma ya mwanafunzi, niweke mkono wangu juu ya mkono wake, tusukume kipanya pamoja. Huo mkono muukumbuke.

Aliyehitaji mkono kuliko wote alikuwa Mama Njeru, mjane, mkulima wa majani chai, mama wa karibu miaka sabini aliyeketi mbele kabisa na kitambaa chake kichwani. Herufi alizijua zote, alizibonyeza moja moja bila haraka na hakukosea. Lakini kipanya kilimkataa. Kwa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi nilikuwa nimeushika mkono wa Mama Njeru, na tulipendana sana kama mwalimu na mwanafunzi, alikuwa ananiletea ndizi za kuiva na kuniuliza kama huko mjini nakula.

Wiki ya nne nikawaambia kila mmoja aandike imeli ya kweli kwa mtu wa kweli, zikae hapo bila kutumwa, tutazituma siku ya kufunga mafunzo mbele ya familia zao. Mama Njeru aliandika mbili. Ya kwanza ilikuwa salamu kwa kaka yake aliye Nanyuki. Ya pili ilikuwa kwa binti yake anayeitwa Mami. (Binti huyo amepewa jina la mama mzazi wa Mama Njeru, na ukimpa mtoto jina la mama yako unamwita mama. Hata kwetu Laare ni hivyo. Kila nyumba ya mlima huu ina Mami wake, kwa hivyo sikuuliza.)

Barua ya Mami ilisema hivi: Mami, nasikia wazee wanakuja. Mimi sijakataa. Lakini huyo mtu simjui. Umesema ni wa Nyambene. Umesema Jumamosi hashiki simu. Baba yako Jumamosi alikuwa shambani na kila mtu alimwona.

Niliposoma hapo penye Nyambene niliona aibu kwa niaba ya watu wetu. Nikawaza, kuna vijana wanatuharibia jina.

"Mwalimu, wewe ni mwanaume," Mama Njeru akaniambia kwa sauti ya chini. "Mtu asiyeshika simu Jumamosi yote huwa wapi?"

Nilifikiri vizuri, kama mtu aliyeombwa ushauri wa kitaalamu. Nikamwambia, "Mama, huyo ana boma lingine."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa. Akataka kuliandika hivyo hivyo, nikamwambia ngoja tuinyooshe kidogo, ikae vizuri. Nikavuta kibodi. Sentensi niliyomwandikia ninaikumbuka yote, kwa sababu niliipenda: Mwanamume asiyejulikana aliko Jumamosi, kuna mahali anajulikana sana. Nikaongeza nyingine: Wazee wake wangoje kwanza mpaka ajieleze, tena kwa maandishi. Hilo la maandishi lilinijia lenyewe, ni ukarani. Mama Njeru alisoma zote mbili akashusha pumzi.

"Laiti huyu mtoto angepata mtu kama wewe," akasema. "Lakini wewe najua una wako."

Nikamwambia ninaye, na kwamba huyo wangu ana bahati.

Mnaweza kuniuliza ilikuwaje nisijue. Nimejiuliza mimi pia. Nilijua kwao Faith ni upande huo, lakini upande huo ni mkubwa. Kwao sikuwa nimekanyaga, maana kwetu mtu haingii boma la wakwe kabla wazee hawajafungua mlango. Anwani ya Mami mama aliibonyeza mwenyewe kutoka kwenye kikaratasi, mimi nilitazama sentensi zangu tu. Picha ya mama yake Faith nilionyeshwa moja tu, ya harusini, na kwenye picha hiyo kulikuwa na kofia kubwa na kidevu. Na Mama Njeru naye hakuwahi kujua mwalimu wake anaitwa nani, kwa sababu mtu wa umri wake hamwiti mwalimu kwa jina. Niliitwa mwalimu tangu siku ya kwanza na nilipenda kuitwa hivyo.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumamosi ya sita, wiki moja kabla ya wazee wangu kushuka kwenda kuposa. Ukumbi ulijaa watoto na wajukuu, kukawa na chai na githeri, simu za wageni nazo zikaingia kiondoni. Tuliazima ile projekta ya kanisa inayoonyesha nyimbo za ibada. Ratiba ilikuwa kila mwanafunzi afungue imeli yake, ionekane ukutani, abonyeze Tuma, watu wapige makofi. Mzee Ireri alituma yake vizuri. Akaja Mama Njeru, ambaye alikuwa atume ile ya salamu za Nanyuki, kitu salama kabisa. Mbele ya watu kipanya kikamkataa tena, nami nikafanya nilichozoea kufanya, nikaushika mkono wake, tukasukuma kipanya pamoja, na nikabonyeza ya juu.

Ya juu ilikuwa ya Mami.

Hata hapo palikuwa na nafasi ya kuokoka. Lakini ninyi mnajua kanisani kwetu jambo likitokea kwenye ule ukuta linafanywa nini. Linasomwa. Mke wa mchungaji akaanza, kwa sauti yake ile ya kuongoza zaburi, "Mami, nasikia wazee wanakuja," na watu themanini wakamfuata kwa pamoja, "mimi sijakataa." Nikatafuta pa kuifunga. Lakini kwa vile nilikuwa nimezikuza herufi, alama ya kufunga ilikuwa imesukumwa nje ya ukuta, na kila nilipoitafuta barua ilipanda juu kidogo, watu wakaona mstari mpya, wakausoma. Walisoma Nyambene. Walisoma ya simu. Walipofika kwenye mwanamume asiyejulikana aliko Jumamosi, kuna mahali anajulikana sana, walisoma kwa hisia, na mama mmoja pale katikati akasema amina. Naomba radhi, lakini hata wakati ule niliona kwamba ile sentensi imekaa vizuri.

Wakamaliza na "tena kwa maandishi." Hapo ndipo nikamwona Faith amesimama mlangoni, mkono wake ukiwa bado karibu na kiondo, alipokuwa ametoka kuweka simu yake.

Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Koome, hii ndiyo kazi kidogo?"

Mama Njeru alisikia jina ambalo Mami alikuwa amemtajia. Alimtazama binti yake, akanitazama mimi, halafu akatazama chini kwenye kipanya, ambapo mkono wangu ulikuwa bado umelala juu ya mkono wake.

Huku kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni ile heshima ya kuoneana haya baina ya mtu na mama wa mke wake. Humtazami sana, huketi karibu naye, huli mbele yake hovyo, na kumgusa ni jambo ambalo wazee hawana hata adhabu yake ya kawaida kwa sababu hawakutegemea mtu atalifanya. Mimi nilikuwa nimelifanya kwa Jumamosi sita. Mama Njeru aliuvuta mkono wake taratibu, akashusha kitambaa usoni, akanigeuzia mgongo akauelekea ukuta. Mzee Ireri akauliza jirani yake ulikuwa mkono wa kulia au wa kushoto. Akaambiwa wa kulia. Akatikisa kichwa.

Halafu Mama Njeru akafanya jambo ambalo wiki sita zote hatukulipata. Akiwa amenipa mgongo, macho kwenye ukuta, alinyoosha mkono akakishika kipanya peke yake, akakisukuma bila kukosea mpaka penye Tuma, akabonyeza. Simu ya Faith ikalia ndani ya kiondo. Na watu wakapiga makofi, maana ndivyo ratiba ilivyosema.

Faith alinikuta nje, karibu na tangi la maji. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa kiapo nilichovunja, nilikuwa na maelezo, nilikuwa hata na kichwa cha habari. Hakutaja kiapo.

"Mama hajalala vizuri wiki sita," alisema. "Kila Jumamosi jioni ananipigia kuniuliza kama umepatikana. Na wewe ulikuwa umekaa na yeye."

Niliogopa siku hiyo kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu niliona wazi kwamba naweza kumpoteza huyu mtu, na si kwa kosa kubwa la kusimuliwa, ni kwa uvivu wa kusema neno moja la kweli kwenye simu. Ndizi za yule mama nilikuwa nimekula. Wasiwasi wake nilikuwa nimeunyoosha, nikauwekea vituo.

Jioni ujumbe ukaja kupitia kwa Faith, kwa kuwa mama yake hangeweza tena kuzungumza nami uso kwa uso: wazee wangoje mpaka nijieleze, tena kwa maandishi. Ningelalamika kwa nani? Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Barua hiyo ilinichukua siku tatu. Sikuwa na mtu wa kuninyooshea. Kila nilipoandika sentensi nzuri niliifuta, kwa sababu sentensi nzuri nilishaona zinakopeleka watu, mwishowe zikabaki zile mbaya mbaya, kwamba nilidanganya, kwamba sikuwa na boma lingine wala kibanda, kwamba Jumamosi zote nilikuwa na yeye. Nikatuma. Nikangoja siku mbili, huku baba yangu akipiga simu kutoka Laare kuuliza kama suti aipige pasi au asiipige.

Jibu lilikuja siku ya tatu asubuhi nikiwa najaza lita. Halikuwa na herufi kubwa hata moja, wala hakuna aliyelinyoosha.

mwalimu. nimesoma. wazee waje. waje na blanketi ya ule mkono. mami amecheka jana.

Wazee walienda na blanketi, faini ya ule mkono, wakiwa wamechelewa wiki mbili, na baba yangu mpaka leo anadhani blanketi hiyo ni desturi ya Embu. Mimi sijawaacha wazee wa kompyuta, mafunzo yameanza upya, lakini nimeapa, na safari hii mbele ya mashahidi, kwamba sitainyoosha barua ya mtu tena kabla ya kumuuliza inamhusu nani. Kipanya nafundisha kwa mdomo, mikono ikiwa nyuma. Mama Njeru haketi tena darasani, ana nthoni yake na mimi nina yangu, na tukikutana njiani kila mmoja anatazama majani chai.

Lakini kila Jumamosi, kabla simu haijaingia kiondoni, huwa kuna imeli yake moja inanifikia. Ni ileile kila wiki.

mwalimu uko wapi

Na mimi, kabla sijamsalimia mtu yeyote ukumbini, namwambia.