Nilimpea fisi wa game sauti ya rafiki yangu

Wakuu, hamjambo. Ati hapa mnaitwa wakuu. Wakuu wa nini sijaambiwa, lakini mimi sisemi kitu.

Yenye nitawaambia ni ukweli, na inaniaibisha, kwa hivyo sina haja ya kuongeza chumvi. Mimi sikuenda shule. Naongea, mjukuu wangu Wairimu anaandika. Nikisema mbaya anakohoa.

Hapo amekohoa.

Mimi ni shosho, nyanya wa Kiamunyi, hapa Nakuru. Kitu Mungu alinipea ni masikio na mdomo. Nikisikia mtu akiongea mara moja, nakutolea yeye mzima. Chifu nafanya. Pastor nafanya, mpaka vile anavuta pumzi kabla ya kutaja sadaka. Matanga ikiwa baridi sana naitwa nichangamshe watu.

Sasa, Wairimu na rafiki yake Kiprono walimaliza college, kazi hakuna. Wairimu anajua mambo ya kompyuta. Kiprono ni wa Kuresoi, kwao wanalima waru, yaani viazi, na yeye anachora ng'ombe mpaka unataka kuipea maji. Wakaniomba nyumba yangu ya kuku.

Nikawauliza, "Mnataka kufuga?"

"Shosho, tunaanzisha kampuni ya game."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikaenda kuambia soko yote, na ile sauti ya Wairimu ya pua, "Shosho, ni studio." Watu walitoa machozi.

Kuku wakahama, kompyuta ikaingia. Walikwangua sakafu na jembe, wakapigilia magodoro kwa ukuta ndio kelele ya barabara isiingie. Siku za mvua harufu ya kuku bado inarudi. Kampuni kubwa, lakini inanuka kuku. Mimi sisemi kitu.

Game yenyewe ni hivi. Uko na lori ya waru, unatoka nayo Kuresoi kwa matope, unateremsha mpaka soko ya Nakuru. Njiani unapata watu, na hao watu wanaongea kama sisi. Hiyo ndio watu walisema haijawahi kuonekana. Game zingine wanaongea kama wazungu wa sinema, ama hawaongei kabisa. Hapa chifu anakusimamisha na uchifu wake. Mwenye kuuza dawa ya waru anakudanganya vile tunadanganywanga.

Na sauti zote ni mimi.

Walikuwa wananitoa vipuli ndio visilie, wananikalisha mbele ya mic. Hawakuwa wanaandika maneno. Wananitajia mtu tu, mimi naongea, wao wanachagua. Kiprono anasema, "Shosho, tupe makanga wa matatu ameamka vibaya." Natoa. "Sasa tupe mama mkwe amekuja bila kusema." Natoa. Nilikuwa nasikia raha, sitadanganya. Uzee wangu wote, hiyo ndio mara ya kwanza mtu alinilipa nisifunge mdomo.

Ikabaki fisi.

Fisi wa game anangoja pahali barabara imekatika. Anakuambia upite, yeye hakuli. Ukimwamini, waru zako zimeisha. Nilijaribu fisi mnono, fisi mlevi, fisi anatafuta kura. Kiprono akitingisha kichwa tu. "Shosho, tunataka mtoto akimsikia acheke na aogope, pamoja."

Hapo ndio Mama Chebet akapita kwa gate.

Niwaambie huyu ni nani. Mama Chebet ni rafiki yangu, anatembeza maziwa hapa mtaani na mtungi. Mzee wangu alipokufa, ni yeye alilala kwangu mpaka nikakumbuka kula. Zamani ndio alikuwa anaanzisha wimbo kanisani. Halafu akatolewa goita, ule uvimbe wa shingo, na sauti ikabaki inakwaruza, inakatika katikati, inarudi na kafilimbi.

Alinyamaza muda mrefu. Hata simu alikuwa anapea binti yake Chebet ajibu. Siku alianza tena kuita maziwa kwa barabara, mimi ndio nilitoka nje nikampigia makofi.

Sasa akapita, akaita, "Maziwaaa!"

Na mdomo yangu ikafunguka. "Piiita tu... mimi sikuli."

Kiprono aliruka kwa kiti. Wairimu akatoa zile vitu za masikio. "Shosho, hiyo si ni ya...?"

"Ni ya fisi," nikasema.

Wairimu anasema niwaambie na yeye alijua. Hiyo ameandika mwenyewe.

Launch ilifanywa kwa hall ya kanisa. Watu walijaa mpaka madirishani, wengine walitoka Nairobi na kamera. Mama Chebet ndio alileta maziwa ya chai. Alikaa na mimi mbele kabisa, mkono wake kwa mapaja yangu.

Game ikaonyeshwa kwa ukuta. Chifu akajisikia, akasimama akapungia watu. Pastor akacheka mpaka miwani ikaanguka. Mimi nimevimba, mnaona vile kuku jike hufanya ikitaka kutaga.

Fisi akaingia. "Piiita tu... mimi sikuli."

Hall ikapasuka. Na Mama Chebet pia akacheka! Alicheka akinigonga na kiwiko, "Mama Muthoni, wewe ni shetani, hii umetoa wapi?" Unajua mtu hajui sauti yake vile inasikika kutoka nje. Hakujua.

Basi katoto kamoja kalikuwa kameketi chini mbele yetu kakageuka, kakamwangalia, kakasema kwa nguvu, "Si ni huyu nyanya wa maziwa!"

Watu wakacheka tena, zaidi.

Mama Chebet akaendelea kucheka kidogo peke yake, watu wakiwa wameshamaliza. Halafu mkono wake ukatoka kwa mapaja yangu. Hakuinuka aende. Alingoja mpaka mwisho, akaosha vikombe vya chai zote, akaenda.

Game ilienda mbali. Vijana wa Mombasa na wa nchi zingine wakawa wanaandika. Na wote wanataka nini? Fisi. Watoto wakamfuata Mama Chebet kwa barabara, "Pita tu! Sikuli!"

Asubuhi moja nikasikia ko, ko, ko. Nikatoka. Ni Mama Chebet, anagonga mtungi na kijiko. Haiti tena.

Nilienda kwa nyumba ya kuku nikasimama mlangoni. "Toeni huyo fisi."

Kiprono alishika kichwa. "Shosho, fisi ndio game."

Wairimu akasema, "Tunatoa." Wakabishana pale mbele yangu, kampuni yao yote ikiwa kwa mdomo ya mzee mmoja asiyejua kunyamaza. Mwisho Kiprono akauliza polepole, "Na tukimtoa, nani ataongea?" Kwa mara ya kwanza sikuwa na mtu wa kutoa.

Nikaenda kwa Mama Chebet kuomba msamaha. Nilijaribu kuanza na mzaha, ikanikwama. Nikasema tu vile ilikuwa, mpaka ile ya "ni ya fisi". Alikuwa anachuja maziwa. Alichuja yote, akafunika, akasema, "Nipeleke nione hiyo nyumba ya kuku."

Akaketi kwa kiti yangu. Kiprono akamvalisha zile za masikio. "Mama, sema chochote."

Akakohoa. Akaweka mkono kiunoni. Na kwa hiyo sauti yake ya kukwaruza akatoa:

"Wee Wairimu! Umekula? Heh! Na huyo msichana wa jirani, kwani nguo iliisha dukani? Heh heh heh! Na pastor? Na bibi ya chifu? Na... aai, mimi sisemi kitu! Mimi nimenyamaza!"

Kiprono alianguka kwa magodoro. Wairimu alilia. Hata mimi nilianza kucheka, halafu nikasikia. Kumbe nachekanga kabla mzaha haijafika. Kumbe kila nikisema sisemi, kuna mtu nimemaliza. Na huyo mama amesikia hiyo miaka yote akininyamazia.

Nilitamani kuku warudi wanifunike.

Fisi mpya anasema, "Pita tu, mimi sisemi kitu." Ni Mama Chebet akinifanya mimi, na analipwa. Watoto sasa wananifuata mimi. Wacha wanifuate.

Lakini msifikiri imeisha. Bado anagonga mtungi na kijiko mtaa yote. Akifika kwa gate yangu tu ndio anawacha kugonga, anasema na ile sauti yangu, "Sisemi kitu, lete sufuria." Naleta. Namwambia asante na sauti yangu ya kawaida, na hata hiyo siku hizi naisikia vibaya.

Yenye nimejifunza ni kwamba kujua sauti ya mtu si ruhusa ya kuibeba.

Kama mko na maneno, wekeni hapa chini, hata matusi. Wairimu atanisomea, nimemwambia asiruke.

Na wale bado wako na game ya zamani kwa simu, tafadhali mu-update. Hiyo sauti iko na mwenyewe.