Kisigino Changu na Sheria ya Maki

Enyi wenzangu mliokulia Tabora enzi za Mwingereza, mkaenda shule na kaptula moja mwaka mzima, nyie mtanielewa nikisema raga niliijua kabla sijajua kusoma. Nasema raga, siyo futiboli. Futiboli hata mbuzi anaielewa: mpira ukiingia, umeingia. Raga ina sheria ndani ya sheria. Na mimi Maganga, niliyeishia darasa la tatu na leo nina malori mawili yanayokwenda Igunga na mashine yangu ya kupasulia mbao, nawaambieni hakuna mwenye cheti mjini hapa wa kunishinda kwenye sheria hizo. Wanangu wamefika sekondari. Juzi nikawauliza, mchezaji akisimama mbele ya mpira wa mwenzake ana kosa gani? Wakatazamana, wakarudi kwenye redio yao, wamevaa suruali pana chini zinazofagia uwanja wangu bure.

Wazungu wa reli na wa bomani walicheza Jumamosi alasiri kwenye kiwanja cha udongo mwekundu ng'ambo ya reli. Sisi watoto wa mtaa wa Cheyo tulifika mapema, mifuko imejaa matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha alivyotupa bibi, vigumu kama kokoto na vitamu ukivumilia kuvitafuna. Kazi yetu ilikuwa kuokota mpira ukitoka nje. Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kuchulia misuli ikichanganyika na moshi wa treni, nawaona wale watu wazima wameinamishana vichwa, wanasukumana kama mafahali, vumbi limewafunika, halafu mmoja anatoka sikio limevimba, anampa mkono aliyemvimbisha.

Sheria tulifundishwa na Mzee Kasanda, dobi wao. Huyu mzee alikuwa amefua fulana zile miaka mingi, na kila alipokwenda kuzichukua aliwakuta wenyewe bado wanabishana kuhusu mchezo. Akasikiliza mpaka akawazidi. Jumatatu baada ya shule tulimkuta anaanika majanini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo mnataka ipi?"

Akaanza kuzipanga zile fulana mbichi, nyekundu huku, nyeupe kule, kipande cha sabuni ndiyo mpira. "Huyu mwekundu yuko mbele ya sabuni. Hana ruhusa hata ya kufukuza nzi. Arudi nyuma kwanza." Akasogeza fulana. "Huyu mweupe mpira umemponyoka mkononi ukaenda mbele. Kosa. Lakini mwamuzi asikimbilie filimbi! Atazame kwanza, aliyekosewa amefaidika? Kama amefaidika, mchezo uendelee." Nilijifunza hesabu kwa fimbo nikaisahau. Hii ya fulana sijaisahau.

Sheria niliyoipenda kupita zote ilikuwa ya maki. Adui akipiga mpira juu, nawe ukaudaka umesimama, ukachimba kisigino ardhini palepale na kupiga ukelele "Maki!", basi hakuna wa kukugusa. Unapewa nafasi, unapiga mpira wako kwa raha zako.

"Lakini alama ionekane," alisema Mzee Kasanda, kidole juu. "Na mpira uwe umetoka kwa adui. Ukipigiwa na mwenzako, hakuna maki, hata ukichimba kisima."

Sasa fikirini wenyewe. Wazungu walivaa viatu vyenye visigino vya ngozi ngumu. Sisi pekupeku, na Tabora wakati wa kiangazi ardhi ni tofali. Mtoto angechimba nini? Ndipo tukaanza kukomaza visigino, tukivigonga kwenye mawe kila asubuhi kama wendawazimu. Babu yangu, aliyebeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, alicheka mpaka akakohoa. "Wenzenu tulivipata kwa safari, nyie mnavitafuta kwa kupiga mawe teke!" Lakini changu kilikomaa kuliko vyote Cheyo. Hilo halina ubishi, na waliopo hai waulizeni.

Mpira wetu ulikuwa kibofu cha mbuzi tulichoomba kwa mchinjaji, tukakizungushia matambara mpaka kikawa na umbo la embe. Siku moja mpira wa Wazungu ukapasuka kibofu, ngozi ikabaki nzima, wakampa Mzee Kasanda. Ngozi halisi! Tuliutaka sisi, na waliutaka watoto wa kota za reli, mahasimu wetu, wakiongozwa na Selemani, mtoto wa fundi wa injini. Mzee akasema chezeni kwenye kiwanja kilekile cha Wazungu, watoto saba kwa saba. Atakayetangulia kugusisha mpira nyuma ya mstari wa mwenzake, ngozi ni yake.

Tulicheza mpaka magoti yakachubuka yote. "Nyie wa kota mnalelewa kwa mkate, magoti siagi!" tuliwazomea. "Nyie vichwa vya muhogo, hata kuhesabu saba hamjui!" wakajibu. Jua limeshainama, Selemani akaupiga mpira juu sana, ukawa unaniangukia mimi, hatua tatu tu kutoka mstari wetu. Namsikia anakuja mbio. Nikatupa jicho chini, nikaona shimo la kisigino cha kiatu cha Mzungu, la tangu masika, limekauka kama kikombe. Nikarudi hatua moja, nikadaka, nikakita kisigino ndani yake. "Maki!"

Selemani akanivaa hivyohivyo. Mpira ukanitoka, akauwahi, akaugusisha nyuma ya mstari, wenzake wakaruka kwa shangwe. Mzee Kasanda akapiga mluzi wa vidole. Akaja, akapiga goti, akapapasa ardhi.

"Alama ipo."

"Mzee, hiyo ni ya kiatu!" alisema Selemani.

Mzee akaninyanyulia macho. "Maganga. Umeichimba au umeikuta?"

"Nimeichimba, Mzee. Haki ya Mungu."

"Kisigino cha mpagazi hicho!" wakapiga kelele wa Cheyo.

Mzee alikuwa ametufundisha kwamba neno la mwamuzi likitoka, mnarudi hatua kumi mkiwa kimya. Selemani alikitazama kisigino changu, akanitazama usoni, akageuka. Akahesabu hatua kumi kwa sauti, moja moja, akasimama. Nikapiga mpira ukaenda mbali, mwenzetu akaukimbilia akitokea nyuma yangu, kihalali kabisa, akaugusisha kwao. Ngozi ikawa yetu.

Tukaijaza sufi, tukaishona kwa uzi wa gunia. Mpira wa kifalme! Jumamosi iliyofuata tukawasubiri wa kota, hawakuja. Na iliyofuata hawakuja. Tukapigiana mpira wenyewe kwa wenyewe, nikadaka, nikakita kisigino, nikaita "Maki!", na mdogo wangu akaniambia, "Kaka, aliyepiga ni mwenzako. Hakuna maki." Mpira tulikuwa nao, adui wa kutupigia hatukuwa naye.

Nilivumilia wiki mbili hivi. Siku moja nikauchukua ule mpira kwapani, nikaenda kota peke yangu, maneno nimeshayapanga njiani. Nikamkuta mama mmoja anapepeta mchele mlangoni.

"Shikamoo, mama. Namtafuta Selemani."

"Marahaba. Wamehamishwa, mwanangu. Baba yao kapelekwa Kaliua, wamepanda treni ya Jumatano. Una ujumbe?"

"Hapana, mama."

Vijana wa leo wana njumu, wana mipira ya dukani, kila mmoja na jezi yake. Akiguswa bega anagaagaa kama kuku aliyechinjwa, refa akikataa wanamzingira timu nzima kama nyuki. Nawacheka, hata wanangu nawacheka. Enzi zetu mtoto alijua amedhulumiwa, akahesabu hatua kumi akanyamaza. Sisemi wote tulistahili kunyamaziwa. Kiwanja chenyewe sasa kimejaa nyumba, na mbili kati ya hizo mbao za paa nimeuza mimi. Kaliua nimekwenda mara nyingi kutafuta magogo, na kila nikisikia mtu ameitwa Selemani nageuka. Wako wengi. Nawasalimu, nawauliza kama waliwahi kukaa Tabora wakiwa wadogo, wakacheza raga. Wananishangaa. Wananiuliza, raga ndiyo nini?