Sikio la Mama Katika Picha

Watu wa Kibirichia walimpenda Kinyua kwa sababu hakumchora mtu vibaya hata siku moja. Alimpiga mteja picha kwa simu, akaihamishia kwenye tabuleti, kisha akamfuta makunyanzi na kumziba pengo la jino. Baadaye aliinakili sura hiyo kwenye turubai, mraba kwa mraba, na kuipaka rangi ya mafuta. Kazi hiyo aliiita kusafisha, na aliijivunia, maskini.

Mama yake alipofariki, picha iliyobaki ilikuwa moja tu, aliyoisafisha miaka mitatu nyuma. Ile halisi aliifuta mwenyewe tabuleti ilipojaa. Mazishi yalikuwa kesho, na mchoro alioutoa kwenye picha hiyo ulitakiwa usimame kando ya jeneza.

Dada yake Sheila aliingia katika stoo ya viazi iliyogeuzwa studio, akautazama mchoro.

"Sasa huyu ni nani? Ile sikio ya mama iliraruka iko wapi?"

Mama alitogwa masikio angali msichana, yakatanuliwa kwa vijiti kama desturi ilivyokuwa, na ndewe moja ikakatika. Kinyua aliiunganisha kwenye tabuleti kwa dakika moja.

"Ilikuwa ya kushoto?"

"Ya kulia. Ama... ngoja, uliza Tata."

Tata Marcella, mdogo wa marehemu, aliapa kwenye simu kwamba ni ya kushoto.

Kinyua akakimbilia mochari na karatasi na kipande cha makaa. Alimkuta mama ameshavikwa, kitambaa cheupe kimemzunguka kichwa na kufungwa chini ya kidevu. Akalishika fundo.

"Wacha hiyo, mzee," mhudumu akamwambia kwa upole. "Ndio imeshika mdomo. Ukifungua, haitafunga tena."

Akapapasa juu ya kitambaa, huku na huku. Kilikunjwa mara tatu, hakuhisi kitu. Alilia kwa sauti, bila haya. Miaka arobaini na miwili alikula mkononi mwa mama huyu, na hakulijua sikio lake.

Kesho yake mchoro ulisimama kando ya jeneza, mama wa mchoroni akiwa amefungwa kitambaa cheupe kichwani.

"Ni yeye kabisa," majirani wakasema.

Sheila alimshika kaka yake mkono. Chini ya ile rangi nyeupe, Kinyua alikuwa ameyakwangua masikio yote mawili kwa kisu.