Felisian Anachagua Eko

Kaka yangu Felisian hajawahi kuamini kitu kilichofungwa. Alikuwa mnunuzi wa dagaa pale Mwigobero, na kila gunia alilizamishia mkono mpaka begani, maana wauzaji huweka dagaa safi juu na mchanga chini. Miaka ya shida ikamkomaza zaidi. Tulinunua mafuta ya taa yaliyotiwa maji na sukari iliyolia kama changarawe ukiitafuna. Basi mambo yalipolegezwa na maduka ya Musoma yakajaa vitu, wengine tulishangilia. Yeye alinuna.

Jioni, nyumbani kwake Kigera, alikuwa mtu mwingine. Alipiga gitaa, akaimba, akajirekodi kwa redio kaseti. Lakini hamu yake kubwa ilikuwa kumrekodi mama yetu, Eufrasia, aliyeishi Guta. Mama alijua nyimbo za kupalilia na za kubembeleza alizorithi kwa bibi, na hakubaki mwingine aliyezijua zote. Mimi mwenyewe naishia ubeti wa kwanza. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua mama, nikamsihi Felisian amrekodi upesi. Alijaribu mara moja, sauti ikatoka kavu kama ya mtu aliyefungiwa stoo, akaifuta kwa hasira. Alitaka mwangwi kama wa bendi za redioni. Alitaka mashine ya eko.

Mayala, muuza redio karibu na soko, alikuwa nazo mbili. Felisian alilizunguka duka lile wiki nyingi bila kusema anataka nini, eti akionekana ana hamu atalanguliwa. Mwishowe akamleta mama kutoka Guta ili azijaribu kwa sauti anayoijua. Nikaenda nao.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ndogo, yenye taa nyekundu. Mama akaimba, sauti ikarudi kama ya kopo.

"Hii inapigaga kelele tu," Felisian akasema.

Ya pili ilikuwa kuukuu na nzito, kifuniko kimekwaruzika. Mama akaimba ule wimbo aliotulalisha nao. Jamani! Sauti yake ndogo ikapanuka, ikajirudia taratibu nyuma yake, utadhani bibi naye anaitikia. Nililia pale pale dukani. Watu wakasimama mlangoni. Hata Felisian macho yalimlegea, nikajua tumepata.

Mayala akaponzwa na ukarimu wake. "Mama, imba tena nikurekodie kaseti mbili. Moja mtabeba bure, moja nitawapigia wateja wasikie mashine."

"Bure?" Felisian akauliza.

"Bure, kaka. Sauti kama hii unaipatia wapi?"

"Na chini ya hiyo bure umeweka nini?"

Kabla sijamshika, alikwisha kufungua kifuniko cha eko, vile vile anavyofanya na magunia yake. Ndani, utepe mwembamba wa kahawia ulikuwa unazunguka.

"Getruda, njoo uone! Huyu amesharekodi! Anamwiba mama!"

Mayala akainua mikono. "Kaka, huo utepe ndio unatoaga mwangwi. Unadaka sauti, unairudisha, halafu unaifuta. Haubakiagi na kitu."

"Hayo kawaambie watoto."

Akauvuta wote, ukakatika, akausokomeza mfukoni. Mashine ikanyamaza. Mama alikuwa bado ameshika maikrofoni, anatutazama mmoja mmoja. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumuaga Mayala.

Tulipofika barabarani mama akasema, "Mwanangu, mimi ningemwimbia tu. Watu wakisikia kuna ubaya gani?"

"Tutatafuta nyingine, mama. Ya mtu mwaminifu."

Mama akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Hatukupata nyingine. Kila muuzaji alikuwa na kasoro: huyu anacheka sana, yule hakutazami machoni. Masika ile mama alizidiwa na kifua, tukamzika Guta. Kwenye matanga akina mama walianza ule wimbo wa kubembeleza, nami nikadakia. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, tukanyamaza wote. Hakuna aliyejua kinachofuata.

Ndipo Felisian akautoa utepe, hauzidi urefu wa mkono. "Mama yumo humu," akasema. Tangu hapo ameupeleka kwa mafundi wa Musoma na Bunda. Wote wanamweleza yale yale ya Mayala, naye anasema wote ni watu wa Mayala.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia. Sasa namhurumia, na huruma inaumiza zaidi. Majuzi nilimkuta barazani, ameunyoosha utepe juu ya goti, anaupapasa kwa kidole. Nikakaa karibu yake, nikamwambia kwa upole kwamba hamna kitu humo, kaka, tumwache mama apumzike.

Akaukunja, akaurudisha mfukoni, akaniuliza ni nani aliyenituma.