Ng'ombe wa Elirehema na Saba Saba Iliyohamishwa

Watu wa siku hizi wakisikia Nane Nane wanadhani ilianza na Adamu. Haikuanza na Adamu. Sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, na aliyeihamisha hakupita huku kwetu Moshono kutuambia. Nalisema hili kwa sababu ya jirani yangu Elirehema, mjane wa Yiamat. Tarehe hiyo ilipohamishwa, nusura imnyang'anye ng'ombe.

Elirehema hakuwa mtu wa kushuka mjini ovyo ovyo. Alishuka mara moja kwa mwaka, na safari hiyo aliipanga kuliko wengine wanavyopanga harusi. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, wa mbegu ya kizungu, mweusi mwenye madoa meupe, akamwita Arus. Kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa nane, alimpeleka kwa dume, ili azae katikati ya mwezi wa tano, na Saba Saba imkute maziwa yamepanda mpaka mwisho. Mwezi wa sita alikausha majani na kuyatuma mafungu mafungu mjini, Daraja Mbili, kwa dada yake, maana ng'ombe akibadilishiwa chakula siku ya mashindano maziwa hupungua. Tarehe sita aliteremka naye polepole, wakalala kwa dada. Asubuhi ya tarehe saba hakumkamua. Alimwingiza kwenye uwanja wa maonyesho, kule Themi, kiwele kimejaa, huku barabarani bendi za shule zinapiga na matrekta yamefungwa migomba na mabua ya mahindi. Watu wote wanacheza, yeye anatembea kimya na kitenge chake kipya, macho mbele. Mara mbili alikuwa wa pili. Wa kwanza siku zote alikuwa bwana mmoja mwenye watumishi wanne, ambaye sijui kama aliwahi kushika chuchu ya ng'ombe kwa mkono wake.

Yiamat alipofariki, mdogo wake Lerionka akaja kabla hata viti vya matanga havijarudishwa kanisani. Akasema ng'ombe wa kaka ni wake, na kwamba mwanamke hawezi ng'ombe wa gredi.

"Nani anamkamua?" Elirehema akamwuliza.

"Kukamua ni kazi. Kumiliki ni jambo jingine, shemeji."

Shauri likaenda kwa wazee. Mzee Koikai akaamua hivi: tungoje Saba Saba. Arus akiwa wa kwanza, cheti kitaandikwa jina la Elirehema na maneno yatakwisha. Asipokuwa wa kwanza, aende kwa Lerionka. Lerionka akakubali huku anacheka, kwa sababu cha kwanza hatukuwa tumewahi kukileta nyumbani.

Sasa nisikilizeni. Miaka yote, habari za sikukuu zililetwa na bwana mifugo wetu, Romanus, Mchaga mpole mwenye pikipiki. Alikuja nyumba kwa nyumba, akachanja ndama, akasema mwaka huu mashindano yako hivi na vile. Mwaka ule hakuja. Tukaambiwa amepunguzwa kazini. Neno gani hilo, kupunguzwa! Mtu si chumvi. Walipunguzwa wengi wakati ule, na waliowapunguza hawakujiuliza nani sasa atapanda huku juu kutuambia jambo lolote.

Ndiyo, minong'ono ilikuwepo. Mtoto mmoja wa shule alisema sikukuu imesogezwa. Elirehema akamjibu, "Na Krismasi wameihamishia Januari?" Hata dada yake pale Daraja Mbili, jioni ya tarehe sita, alianza, "Nasikia watu wanasema mwaka huu..." Akamkatiza: "Watu wanasema mengi. Niletee maji ya ng'ombe." Alikuwa na kiburi, sikatai. Lakini kiburi chake kilikuwa na sababu: wazee walishasema Saba Saba, na hakuwa na siku nyingine.

Mwaka ule nilifuatana naye, nikalala nao kwa dada, na asubuhi tukashuka wote wawili, mimi nimebeba ndoo. Hakuna bendi. Hakuna trekta. Barabara ina watu wanaokwenda kazini tu. Getini tulimkuta mlinzi anapiga mswaki.

"Shikamoo mama. Ng'ombe anakwenda wapi?"

"Marahaba. Kwenye sikukuu."

"Sikukuu gani?"

"Leo tarehe ngapi?"

"Saba."

"Mwezi?"

"Wa saba."

"Sasa unaniuliza nini?"

Yule kijana akatema povu pembeni. "Mama, wakulima wamehamishwa. Ni mwezi ujao, tarehe nane. Nane Nane."

"Kahamisha nani?"

"Serikali."

"Ilimwuliza huyu?" Akaonyesha kiwele cha Arus. Maziwa yalikuwa yameanza kudondoka yenyewe, tone, tone, kwenye vumbi. "Huyu nimempanga tangu mwaka jana. Mwezi ujao maziwa yatakuwa yanashuka. Nimwambie angoje?"

Mlinzi alitaka kucheka, akaona uso wa Elirehema, akaghairi.

Nilidhani atalia. Hakulia. Akanigeukia: "Romanus anauza maharage sokoni Daraja Mbili. Nenda kamlete. Mwambie aje na kopo lake."

Nilikwenda mbio, kwa umri wangu ule! Nikamkuta amekaa nyuma ya gunia, na anapimia maharage kwa kopo lile lile la lita moja alilokuwa akipimia maziwa kwenye mashindano. Mtu aliyesomea mifugo miaka mitatu. Nilipomweleza, akakataa.

"Mama, mimi si afisa tena. Sina muhuri."

"Na macho nayo umepunguzwa?" nikamwuliza. Wenzake wa sokoni wakaangua kicheko. Akasimama, akafuta kopo kwa shati, akanifuata.

Mlinzi akatufungulia geti. Elirehema akachuchumaa katikati ya uwanja mtupu, akakamua. Romanus akapima kopo moja moja, kwa sauti, kama zamani, na mlinzi akawa anarudia baada yake. Walipomaliza, Elirehema akamwambia, "Andika ulichokiona. Usiongeze, usipunguze." Akaandika kwenye karatasi ya daftari, akatia sahihi. Maziwa tukawapa wapita njia waliosimama getini kutazama, na mlinzi akanywa vikombe viwili.

Kesho yake Lerionka alifika Moshono mapema, kamba mkononi, na wazee nyuma yake.

"Shemeji, cheti kiko wapi?"

"Karibu chai kwanza."

"Sikuja kunywa chai. Saba Saba imepita."

"Wanasema sikukuu yenyewe imehamia mwezi ujao."

Lerionka aliruka kama amemwagiwa uji. "Hayo ni ya serikali! Sisi tulisema Saba Saba."

"Si Nane Nane?"

"Saba Saba! Niseme mara ngapi? Wazee hawa hapa!"

"Basi," Elirehema akasema, "wazee wamesikia."

Akaingia ndani, akatoka na karatasi, akanipa niwasomee. Iliandikwa: tarehe saba, mwezi wa saba, uwanja wa maonyesho. Ng'ombe Arus wa Elirehema. Maziwa ya asubuhi, lita tisa na nusu. Waliofika kushindana, mmoja. Nafasi, ya kwanza. Romanus, bwana mifugo aliyepunguzwa.

"Ameshindana na nani?" Lerionka akapiga kelele. "Na upepo?"

"Na wote ambao hawakuja," Elirehema akajibu. "Mimi nilifika siku uliyoitaka wewe."

Wazee wakaanza kucheka, mmoja hadi akakohoa. Mzee Koikai akangoja watulie. "Lerionka, karatasi haina muhuri, hilo naliona. Ungekubali tungoje mwezi ujao, tungepata yenye muhuri, na labda ungeshinda. Lakini umetuambia Saba Saba hapa hapa, na siku hiyo ng'ombe alikuwa mmoja. Kunja kamba."

"Chai bado ipo, shemeji," Elirehema akasema. Lerionka hakunywa. Alikunja kamba, akaondoka.

Mwezi uliofuata gari la matangazo lilipita hadi kwetu, lenye spika mbili juu, likiita watu kwenye Nane Nane: kampuni za mbegu, kampuni za bia, muziki, soda. Sasa ndiyo wanajua njia ya Moshono! Tulimwambia Elirehema ampeleke Arus, pengine atapata hata cha tatu, chenye muhuri. Alikuwa anapalilia migomba, wala hakuinua uso.

"Nimeshuka miaka kumi na mmoja bila kukosa," akasema. "Kama kule kungekuwa na mtu aliyejua kwamba nakuja, angenitumia salamu kwamba nisije."

Hakushuka tena mpaka alipokufa. Na mpaka leo hakuna hata mmoja wa wale wenye spika aliyewahi kuuliza yule mama mwenye ng'ombe wa madoa aliishia wapi.