Koleo, Fundi Anayefufua Kompyuta Zilizokatiwa Tamaa

Vuuu. Kimya. Vuuu. Kimya.

Ni feni ya kompyuta. Inajaribu kuamka, inashindwa, inajaribu tena. Saa tatu asubuhi, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, mwanamke aliyefunga miwani kwa mpira anaitegea sikio kama anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Inapumua," anasema. "Haijafa hii."

Wateja humwita Koleo. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, watoto wawili, na meza iliyojaa mashine zilizowashinda mafundi wengine. Mwenye kompyuta hii ni mshona darizi, dada wa mumewe, ambaye kwa miaka mingi aliiita kazi ya Koleo "kuchokonoa vyuma." Leo hacheki. Majoho ya wauguzi wanaohitimu Jumamosi yanasubiri majina vifuani, na programu ya mashine yake ya darizi imesajiliwa kwa kompyuta hii tu, haifunguki kwenye nyingine. Asipoyapeleka, chuo kitampa kazi mshonaji mwingine, na wasichana wake wawili watakosa ajira.

"Wifi, ilikuwaje?"

"Nilikuwa nasasisha ile baiosi. Mama akapita, akaona kioo cheusi na maandishi meupe, akasema mashine inaungua. Akazima ukutani."

"Kuiokoa!"

"Ndiyo, kuiokoa. Tangu jana hali chakula vizuri, maskini."

Koleo anacheka mpaka anafuta miwani. Kisha anainama.

Baiosi ni programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Ikikatizwa wakati inaandikwa upya, hubaki nusu ya zamani, nusu mpya, na mashine haijui ianzie wapi. Mafundi wengine wamejaribu kuirudisha kwa flashi, imegoma. Duka kubwa la barabarani lilimwambia mshonaji anunue nyingine.

"Wao wanauza," Koleo anasema huku akifungua skrubu. "Mimi nafufua."

Anabana kibanio chembamba kwenye chipu ndogo kuliko ukucha, anaiunganisha na laptopu yake.

"Si umwage tu humo baiosi mpya, wifi, twende zetu?" mshonaji anauliza.

"Nikiimwaga nzima juu ya hii ya zamani, mashine itawaka, lakini itakuwa mgeni. Utambulisho wake umo humu humu. Programu yako ya darizi itaiuliza, 'We nani?' Tulia, nisome kwanza kilichobaki."

Anasoma mara mbili, alinganishe. Nakala hazifanani. Anarudia. Hazifanani. Mshonaji anajishika kichwa, anaketi juu ya ndoo.

Koleo anaondoa kibanio, anasugua miguu ya chipu kwa mswaki uliochovywa spiriti, anabana upya. Safari hii nakala zinafanana herufi kwa herufi. Anauhamisha utambulisho na kuuingiza katika baiosi safi, anaiandika yote kwenye chipu, anahakiki, anawasha.

Feni inavuma bila kukata. Kioo ni cheusi. Bado cheusi. Mkono wa mshonaji unanyemelea swichi.

"Acha! Nyinyi ukoo mzima mna ugonjwa wa kuzima?"

Ghafla, mwanga. Kisha programu ya darizi inafunguka, na jina la muuguzi wa kwanza linajaa kioo kizima. Mshonaji anapiga ukelele mpaka muuza vioo anakuja mbio kuuliza nini kimevunjika.

"Hakuna kilichovunjika!" anafoka kwa furaha. "Huyu ni wifi yangu! Mwone vizuri! Wifi yangu!"

Koleo alianza na redio mbovu za baba yake mdogo. Alipoolewa, wakwe walimpa mwaka mmoja tu awe ameichoka kazi hii. "Huu ni wa kumi na saba," anasema. "Wanisubiri tu."

Anachotaka sasa ni chumba cha mbele, kinachotazama barabara, chenye meza ya kufundishia wanawake wengine. "Nimechoka kuelekeza wateja wapite nyuma ya pipa la taka. Kazi hii si ya kujificha."

Mshonaji, kompyuta kifuani, anasimama mlangoni. "Na ukifungua huko mbele, utatukumbuka?"

"Sikia, wifi. Pazia la mlango huo utalidarizi wewe, jina langu kwa herufi kubwa. Na sitaomba bei ya ndugu. Nitakulipa kama mteja yeyote. Nakuahidi."