Kizazi cha Dada Pasi

Mtaa mzima ulimwita Dada Pasi, maana alipiga pasi nguo za watu na hakuna kola iliyowahi kumshinda. Alikuwa mjane wa mwaka wa pili, hana mtoto, ana chumba kimoja katika nyumba aliyoiacha mumewe, na ana wifi. Huyo wifi ndiye aliyekuwa maradhi yake ya kwanza.

Tumbo lilipofura hadi likaanza kugusa meza ya pasi, wifi alishika njia, nyumba hadi nyumba. "Kaburi la kaka halijakauka, yeye keshapata mwingine! Atoke kwenye nyumba yetu!" Vipimo vya mimba vikasema hakuna kitu. Wifi akasema vimehongwa. Mdomo ule ungekuwa unalipwa mshahara, mwenyewe angekuwa na ghorofa.

Daktari wa kwanza aliangalia picha, akasema ni uvimbe wa ovari. Wa pili akasema hapana, ni uvimbe wa nyama wa kawaida. Kila hedhi ilimlaza sakafuni, na dawa zote zikawa kazi bure. Wa tatu, mama wa makamo asiyependa haraka, alimwingiza kwenye mashine kubwa, kisha akazitazama picha moja moja.

"Ovari zako nzima kabisa," akasema mwishowe. "Huu ni uvimbe wa maji, umejificha ndani ya ukuta wa kizazi. Ni nadra, ndiyo maana umewachenga wenzangu. Sidhani kama ni saratani, ila tukishautoa maabara itatuhakikishia."

Wifi, aliyekuwa amejipeleka kushuhudia aibu, hakuona haya hata kidogo. "Si mtoe kizazi chote, daktari? Mjane ana kazi nacho gani?"

Dada Pasi alimkata jicho. Alimchukia mwanamke yule waziwazi, bila kujificha.

"Daktari, toa uvimbe. Kizazi niachie, bado nakitaka. Na huyu mtoe nje."

Ikawa hivyo. Maabara ikajibu: si saratani.

Siku aliyorudi kwenye meza yake, alimkuta wifi kasimama pale na kapu la nguo, zile anazopigiwa pasi bure tangu zamani, anacheka meno yote nje. "Pole wifi yangu. Nilikuwa nakuombea usiku na mchana."

Dada Pasi akalinyanyua kapu, akalimwaga lote barabarani.

"Ulisema kisicho na kazi kitolewe," akamwambia. "Nimeanza na wewe."